Haina Karanga

Nilipowaacha wiki jana nilikuwa jikoni, ndoo ya mbegu miguuni na simu sikioni, na mwanamke nisiyemjua alikuwa ameniuliza, "Wewe ndiye uliyeandika haina karanga?" Kuna waliodhani nilikata simu. Sikukata. Laiti ningekuwa na akili hiyo.

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma nitasema kwa kifupi, maana hata mimi mwenyewe nachoka kuyasimulia. Mume wangu aliachishwa kazi. Nikaanza kutengeneza siagi ya mbegu za maboga, ya kupaka kwenye mkate, jikoni kwangu, mpaka mtaa mzima ukaniita Mama Mbegu. Mkaguzi wa vyakula akaziondoa chupa zangu madukani kwa sababu hazikuwa na lebo ya maana. Nikahangaika, nikalia, nikarudi kwake mara zisizo na hesabu, na mwishowe nikapata lebo: jina langu, simu yangu, mtaa wangu, uzito, vilivyomo ndani, nafasi ya kugonga tarehe, na chini kabisa, kwa herufi nyekundu, maneno mawili yaliyonipa soko. HAINA KARANGA.

Maneno hayo sikupewa hivihivi. Mkaguzi alikuja mwenyewe kuiona mashine yangu ya kusagia. Aliifungua, akaichungulia, akainusa kama mtu anayechagua nyama buchani. Kisha akaniambia kitu ambacho nilikiitikia kwa haraka, kama tunavyomwitikia mtu mwenye muhuri.

"Mama, haya maneno hayakai kwenye karatasi. Yanakaa kwenye mashine hii. Siku mbegu zako zikipita pengine, yafute."

Mashine ile haikuwahi kuonja karanga mpaka ilipokufa. Ndiyo, ilikufa, mnakumbuka habari ya waya kuungua na moshi kujaa nyumba nzima. Wiki hiyohiyo mgongo wangu ukakaza, nikalala kitandani kama gogo, na mume wangu akabeba kazi yote: kusagisha mbegu, kujaza chupa, kubandika lebo. Nilijiona mke mwenye bahati kuliko wote mtaani, na niliwaambia hivyo humuhumu gazetini.

Halafu wifi yangu, dada yake mume wangu, akaja kuomba lebo. Naye anatengeneza siagi, ya karanga na ya mbegu, ila hajapata kibali. Wachapaji hawachapi lebo chache. Unachukua mzigo mzima au unaenda zako, na mimi nilikuwa na lebo za kujaza kabati. Wifi aliziomba kama mtu anavyoomba chumvi. Mama mkwe akapiga simu kusema ndugu hawanyimani karatasi. Nikampa, huku roho inaniuma.

Hapo ndipo simu ile ilipoita.

Yule mwanamke hakunipigia kelele. Angenifokea ningejua la kufanya, maana kufokewa nimezoea. Aliongea taratibu, kama anayenisomea maelekezo ya dawa. Alisema bintiye amekula mkate wenye siagi yangu asubuhi kabla ya shule. Midomo ikavimba, kisha uso, kisha akaanza kukoroma akiwa macho. Sasa yuko hospitali na kitu puani cha kumsaidia kupumua. Mtoto ana mzio wa karanga tangu utotoni, chembe moja tu inatosha kumtoa roho.

Nikamwambia siagi yangu haina karanga.

"Ndivyo ulivyoandika," akasema. "Njoo uione chupa yako."

Akakata yeye.

Nilitoka na kandambili za bafuni. Sikujua mpaka nilipofika mapokezi, nesi alipozitazama kabla ya kunitazama usoni.

Mama wa mtoto alikuwa kwenye benchi la korido, nje ya mlango uliofungwa. Ni fundi cherehani; futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake, amesahau kuivua. Mapajani alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko chupa yangu. Nilimwamkia. Hakuitikia salamu, ila alisogea kidogo ili nikae, na hilo ndilo lililonimaliza.

Aliniambia ana desturi ya kusoma. Dukani watu nyuma yake kwenye foleni huguna kwa hasira, muuza duka humuuliza kama ananunua biskuti au anafanya mtihani, lakini yeye husoma kila pakiti na kila kopo, mbele na nyuma. Vyakula vingi havisemi kitu. Vingine vinasema kwa maandishi ya kichwa cha sindano. Yangu ilisema wazi, kwa rangi nyekundu.

"Nilifurahi," akasema. "Nilimwambia mwanangu, huyu mama katufikiria."

Wasomaji wangu, nimetukanwa na wenye maduka, nimefukuzwa ofisini, mume wangu ameachishwa kazi mbele ya macho yangu, lakini hakuna neno lililowahi kunichoma kama hilo. Nilitamani korido inimeze na kandambili zangu.

Akanipa chupa. Nikaishika kwa mikono miwili.

Lebo ilikuwa imekaa upande. Upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka, na pembeni karatasi imekunjamana. Pale pa kugonga tarehe palikuwa na doa la wino tu, maana aliyegonga muhuri hakuifuta chupa mafuta kwanza. Nikafungua kifuniko. Nilinusa mbegu za maboga, harufu niliyolala nayo na kuamka nayo, na nyuma yake, kwa mbali, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia, nilinusa karanga.

Sasa nitasema kitu cha aibu. Nilichosikia moyoni wakati huo, huku mtoto wa watu anapigania pumzi nyuma ya mlango, kilikuwa nafuu. Mimi sibandiki lebo upande. Mimi sigongi muhuri juu ya mafuta. Kwa hiyo chupa ile haikuwa yangu, ilikuwa ya wifi, na kama ilikuwa ya wifi basi mimi nilikuwa mtu wa kuonewa huruma kama wao.

"Dada yangu," nikasema, "hii sikuitengeneza mimi."

Yeye akaweka kidole chake juu ya lebo. Kidole cha fundi, kilichochomwachomwa na sindano.

"Hili ni jina la nani?"

"Langu."

"Na simu niliyopiga?"

"Yangu."

Alirudisha chupa kwenye mfuko, akaufunga, akaupakata tena kama mtu anavyompakata mtoto.

Mkaguzi alitokea mwisho wa korido, begi begani. Hospitali ilikuwa imemwita. Ni mama wa makamo, mpole, ana sauti ya mtu anayefundisha watoto wadogo, na ndiyo maana nilikuwa namwogopa zaidi. Alimpa pole mama wa mtoto kwanza. Kisha akanivuta pembeni, karibu na dirisha, akaniambia baba wa mtoto tayari yuko polisi. Chupa zote zenye lebo yangu zinaondolewa madukani. Aliyeijaza chupa hii ataandika maelezo leo, na kwa hali aliyo nayo mtoto, huenda asirudi kulala kwake.

Nikamwambia habari ya wifi. Nilianza kwa kigugumizi, nikamalizia kwa kasi. Nilimweleza jinsi alivyoniomba lebo, jinsi mama mkwe alivyonibana, jinsi wifi anavyosaga karanga kila siku ya Mungu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, sheria haimjui wifi yako. Sheria inaijua lebo. Jina likiwa lako, chupa ni yako, mpaka uniambie vinginevyo na mimi nihakikishe."

"Nakwambia vinginevyo."

"Una hakika?"

"Mimi sibandiki lebo upande," nikasema. Nililisema kwa fahari, wasomaji wangu, kana kwamba nilikuwa natetea usafi wa nyumba yangu.

Akaniuliza tena kama nina hakika, nikasema ninayo. Akaandika. Akaniomba nimwelekeze kwa wifi, nikamwelekeza: nyuma ya soko, geti la bluu, nyumba yenye tangi la maji juu. Akanishukuru. Nilipogeuka, mama wa mtoto alikuwa ananitazama, na nadhani alikuwa amesikia. Sikumuuliza mtoto anaendeleaje. Nilijiambia sitaki kumsumbua.

Nyumbani nilimkuta mume wangu barazani, ameifumua ile mashine yangu iliyokufa, skrubu zimepangwa juu ya gazeti. Tangu aachishwe kazi anatengeneza vitu vilivyoharibika, na vingi huharibika zaidi, lakini simkatazi, maana mwanamume akikosa kitu cha kushika mikononi nyumba nzima inakosa amani.

Nikamhadithia yote. Nilitegemea atapiga meza, au atamlaani dada yake, au angalau atanipa maji ya kunywa. Hakufanya lolote. Aliendelea kushika bisibisi, na uso wake ukawa unabadilika kidogokidogo.

"Lebo imekaa upande upi?" akauliza.

"Ni swali gani hilo?"

"Nakuuliza tu. Na tarehe?"

"Hakuna tarehe, ni doa. Alipiga muhuri juu ya mafuta, mzembe yule."

Akaweka bisibisi chini. Akaniuliza kama nina hakika ni ya dada yake. Nikasema ninayo. Akauliza kama mkaguzi ameshaambiwa. Nikasema ameshaambiwa na ameshaandika.

"Ungenisubiri, mama watoto," akasema. "Ungenisubiri kidogo."

Hapo nikapandwa na hasira zote za mwaka mzima. Nikamwambia nimsubiri ili amfiche dadaye? Nikamwambia kwao wote ni kitu kimoja, mimi ndiye mgeni, na siku nikifungwa watagawana sufuria zangu. Nilisema maneno mengine ambayo mhariri hataweza kuyachapa. Yeye alifungua mdomo mara mbili kama mtu anayetaka kusema, akameza. Kisha akaingia ndani, akatoka akiwa amevaa shati la kutokea, akilifunga vifungo huku anatembea, na akashika njia bila kuniaga.

Nikajua anakimbilia kumwonya dada yake. Nikasema leo hapana. Leo nitafika mimi kwanza, nimtazame machoni.

Nilikata kichochoro cha nyuma ya soko, mbio za mwanamke mwenye mgongo mbovu na kandambili za bafuni. Geti la bluu lilikuwa wazi. Nilipoingia tu uani harufu ikanipokea: karanga, zinakaangwa, nzito, imejaa hewa yote. Nikaona Mungu mwenyewe ananipa ushahidi.

Wifi alikuwa mbele ya jiko, mwiko mkononi, jasho kwenye paji la uso. Ni mtu wa mzaha, hajui kukaa bila kucheka. Aliponiona akacheka.

"Karibu wifi. Umekuja kunidai chumvi yako?"

"Kuna mtoto hospitali," nikasema. "Amekula siagi yako."

Kicheko kikamtoka usoni. Alishusha sufuria jikoni, akazima moto, na neno lake la kwanza halikuwa la kujitetea.

"Mtoto hajambo?"

Sikuwa nimeuliza. Nikamwambia yuko hoi. Nikamwambia chupa ina jina langu na lebo yangu, na ndani ina karanga, na ni nani mwingine mwenye lebo zangu na karanga kama si yeye. Nikamwambia ameniua. Niliyasema yote nimesimama mlangoni, kidole juu, kama wakili wa kwenye mchezo wa redio.

Wifi akafuta mikono kwenye aproni, akavuta stuli, akapanda, akapapasa juu ya kabati nyuma ya masufuria makubwa. Akateremka na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Akakiweka mezani mbele yangu.

Ulikuwa mzigo wangu wa lebo.

Uliokuwa umeufunga mzigo ule ni utepe wa kitambaa cha mirabaraba, nilioupasua kwenye mfuko wa aproni yangu ya zamani siku nilipompa, kwa sababu sikutaka kuharibu kamba nzuri kwa mtu niliyekuwa nimemkasirikia. Na fundo lilikuwa langu. Mimi nafunga mafundo ya magunia ya mbegu kwa namna niliyofundishwa na marehemu shangazi: unazungusha, unapitisha ncha chini, unaitumbukiza ndani isionekane. Hakuna mwingine anayefunga hivyo nyumbani wala ukweni. Mume wangu hajawahi kulifungua hata moja, hukata kwa kisu.

Fundo lilikuwa zima. Ncha ilikuwa ndani, pale nilipoitumbukiza.

"Hukuzitumia," nikasema.

"Sikuzitumia."

"Hata moja?"

"Ningezitoaje, kwa fundo lako hilo?" Akajaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. Akakaa kwenye stuli. "Nilipofika nazo hapa nilifunua gazeti pembeni, wifi, nikaona jina lako limeandikwa pale. Nikasema, nikibandika hili kwenye kitu changu, halafu kikaharibika, nitamwangalia vipi? Nikaona aibu kukurudishia, maana mama alishapiga simu. Basi nikaziweka juu kule. Naendelea kuuza kwa kupima, kijiko kwa kijiko, kwa majirani."

Nilikaa chini. Hapakuwa na kiti, nilikaa sakafuni.

Kwa sababu hapo ndipo nilipoiona ile lebo tena, imekaa upande. Nikaiona siyo kwenye mfuko wa plastiki hospitalini, bali chumbani kwangu, nikiwa nimelala chali na mgongo wangu, na mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, chupa ameibana kwa magoti, ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilimcheka. Nilimwambia lebo zake zinakaa kama kofia ya mlevi. Akasema mteja hali lebo. Tukacheka wote wawili, na ilikuwa siku nzuri, moja ya siku chache nzuri za mwaka ule.

Nilikuwa nimeziona lebo zile kwa macho yangu.

"Wifi," nikasema. "Wiki ile mashine yangu ilipoungua, kaka yako alisagisha wapi mbegu?"

"Alikuja hapa kwanza," akasema. "Nikamwambia mashine yangu ina karanga mpaka kwenye skrubu. Akasema basi, mke wangu hataki karanga, akabeba ndoo yake. Nadhani alikwenda kwa yule msagaji wa sokoni."

"Yule wa sokoni anasaga nini?"

Nilimwona anaanza kuelewa, na nilimwona anatamani asielewe.

"Chochote utakachompelekea," akasema. "Ila huwa anasafisha. Anapitisha konzi la mahindi makavu kwanza, anasema mashine imeshaoga."

Mume wangu aliulizia karanga. Alijitahidi. Aliona mahindi makavu yanapita, akaambiwa mashine imeshaoga, akaamini kama mtu yeyote angeamini. Na mimi, kitandani, sikuuliza ndoo imepita wapi. Mbegu zilikuwa zangu, ndoo yangu, mume wangu. Mkaguzi alinionya kwa kinywa chake kwamba yale maneno mawili yanakaa kwenye mashine. Mashine ikafa, na sisi tukaendelea kuyabandika, kwa upole na mapenzi, chupa baada ya chupa.

Nikaelewa pia yale maswali ya barazani. Upande upi. Tarehe je. Alikuwa hamtetei dada yake. Alikuwa anajitafuta mwenyewe kwenye chupa ile, na mimi nilimpiga maneno mpaka akashindwa kusema.

Wifi aliinuka akanishika mkono kuniinua. Aliniuliza kama nimemwambia mtu yeyote habari za yeye na lebo. Aliniuliza kwa wasiwasi wa kawaida tu, jinsi mtu anavyouliza kama jirani amesikia ugomvi. Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia afunge geti, apite uani, aende kokote.

Gari likasimama nje.

Alikuja mkaguzi na begi lake, na nyuma yake askari mmoja wa kike ambaye hakutazama mtu usoni, alitazama sufuria ya karanga. Na nyuma yao wote, amesimama pale getini, kifungo kimoja cha shati kimerukwa, mume wangu.

"Mzee ametusaidia kuipata nyumba," mkaguzi akasema. "Tulimkuta njiani."

Nilimtazama. Sikujua alikuwa anakwenda wapi walipomkuta, kwa dada yake au kwa mkaguzi mwenyewe. Wala sijui kama alikuwa amesema kitu ndani ya gari lile. Kwa jinsi alivyosimama, mikono inaning'inia kama ya mtu aliyevuliwa koti, nilijua hajasema.

Mkaguzi alipiga hodi ingawa alishaingia. Akajitambulisha kwa wifi kwa upole wake uleule. Akasema mtoto bado hajazinduka. Alitazama sufuria, alitazama mashine ya kusagia pembeni, yenye vumbi la karanga kwenye kila pembe, kisha akatazama mezani. Akausogelea mzigo. Akausukuma kidogo kwa ncha ya kalamu, gazeti likafunuka pembeni, na jina langu likatokea, na herufi nyekundu.

Wifi hakuogopa. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Alikuwa na uso wa mtu ambaye jambo lake limenyooka, anayengoja tu wakubwa wamalize kuulizana. Kwa mkaguzi ule ulikuwa mzigo wa lebo ndani ya nyumba ya karanga, basi. Zilikuwa ngapi mwanzo, zimebaki ngapi, aliyefunga alikuwa nani, hakuna kitu pale mezani kilichoweza kumwambia. Nilikuwa mimi tu.

Mume wangu naye aliliona fundo. Nilimwona akisita juu yake, macho yake yakatulia pale, akakumbuka visu vyote alivyokatia mafundo yangu. Kisha akanitazama mimi. Sikuweza kujua kama ananiomba niseme au ninyamaze, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua.

"Mama," mkaguzi akaniambia, "hizi ndizo lebo ulizosema ulimpa?"

"Ndizo," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Na unasimamia ulichoniambia hospitalini, kwamba chupa ile ni ya kwake?"

Wifi aligeuka. Ndipo alipojua. Nilimwona akilipokea lile neno, hospitalini, akiligeuza, akilifikisha mahali pake. Hakunifokea. Aliuchukua mzigo mezani, akaja nao mpaka mbele yangu, akaniwekea mkononi, fundo likiwa juu.

"Mwambie, wifi," akasema taratibu. "Wewe ndiye unayelijua."

Mkaguzi akafungua ukurasa mpya, akaweka kalamu tayari, akanisubiri.